Mgeni wa Nakisige

"Mbona unapiga kwa namba ngeni, dada?" Nakisige aliuliza huku akicheka. "Nyama iko jikoni tayari. Umefika wapi?"

Sikuwa nimefika popote. Nilikuwa kwangu Mpumudde, Jinja, nimeazima simu ya jirani nimwambie kwamba yangu iliporwa jana na mtu wa boda. Haikuwa na neno la siri, maana mama yetu huitumia kusikiliza sauti tunazotumiwa na ndugu, na vidole vyake havipatani na namba.

"Kufika wapi?" nikamuuliza.

"Si umeniandikia asubuhi kwamba unakuja Mbale? Ukasema umesahau njia. Nikakutumia ramani na picha ya geti."

Tangu mdogo wangu ajifiche kule Mbale, mtaa wa Namakwekwe, ni mimi peke yangu niliyeijua nyumba hiyo.

"Ila umenichekesha," akaendelea. "Leo umeandika Kiswahili kitupu, kama afande."

Sisi huandikiana Kisoga. Mtu pekee aliyewahi kutuandikia Kiswahili ni mumewe, mwanajeshi, yule yule aliyemvunja mkono.

"Mwite mtoto ndani," nikasema. "Mwite, kisha ufunge geti!"

"Mtoto? Huyo leo hashikiki. Amesikia boda imesimama nje, ametoka mbio kumpokea mama mkubwa mzigo."