Mkutano wa Saa Saba Mchana

Kenge, mwenyekiti wa kijiji cha wanyama, aliitisha kila mkutano saa saba mchana, juu ya jiwe linalounguza nyayo. Yeye alipenda jua. Wenzake hawakuthubutu kufika. Basi akaamua mambo peke yake na kuandika daftarini: "Asiyefika amekubali." Ndivyo kijiji kizima kilivyojikuta kikifagia ua wake.

Siku moja ya mkutano mawingu yakatanda, jiwe likapoa. Kenge akaona baridi, akabaki shimoni. Wanyama wakajaa pomoni.

Jua lilipotoka, akaja akijinyoosha. "Mmeamua nini?"

"Mwenyekiti atafukua tope la kisima peke yake," akajibu Kanga.

"Mimi sijakubali!"

Kanga akamfungulia daftari. "Mheshimiwa, hebu tusomee mwandiko wako."

Kenge akasoma kimyakimya.

"Kwa sauti, Mheshimiwa. Leo tumefika wote."