Magogo Manne ya Emlyn

Gogo lililia mara moja tu, kisha likapasuka.

Emlyn alilisikia. Alikuwa amelala chali chini ya gari lake, lililoinuliwa juu ya magogo manne, giaboksi kifuani, mikono yote miwili imeikumbatia. Klachi mpya bado ilikuwa ndani ya boksi lake, karibu na sikio la kushoto. Gari likashuka, likaikuta giaboksi, likaigandamiza, na pumzi yote ikamtoka.

Halafu likasimama. Magogo matatu yaliyobaki yalikuwa yameshikilia. Nayo yalianza kulia.

Mtu mwingine angeweka stendi za chuma. Sisi wachimba makaa wa bonde hili hatuziamini. Kule chini tuliegemeza mlima mzima kwa magogo, maana chuma huvunjika kimya, lakini gogo hukuonya, na ukiwa umezama kazini, mwenzako aliye nyuma yako hulisikia na kukuvuta mguu. Emlyn alikumbuka magogo. Alisahau kwamba hana tena wa kumvuta mguu.

Lilikuwa gari dogo la viti viwili, jekundu, la kukimbia barabara za mlimani na paa limekunjwa. Kazi zake zote alizifanya mwenyewe nyuma ya nyumba, kitabu kimefunguliwa sakafuni, kwa sababu fundi wa pale mtaani siku zote alikuwa na magari mengi mno. Hata mlango wa gereji aliupaka rangi mwenyewe kila kiangazi, tabaka juu ya tabaka.

"Nisaidieni," alisema. Sauti ilitoka nyembamba kama mluzi. Akajaribu tena. "Jamani! Nakufa!"

Nyuma ya ukuta, Glenys wa nyumba ya tatu alikuwa akianika nguo. Vibanio vyake vikanyamaza. Hakuitikia. Baada ya muda Emlyn akamsikia akimwita mtu mwingine.

"Gwilym! Hebu kaangalie kule kwa jirani yako."

"Kuna nini?"

"Mimi siendi. Nenda wewe, mwanamume mzima!"

Gwilym. Afadhali angekuja mtu yeyote mwingine.

Nitasema, maana wapo wanaotaka tusahau. Mwaka ule wa mgomo, wakubwa walipoamua kututia njaa mpaka turudi kwa magoti, mtaa wetu haukupiga magoti. Tulikula viazi vya kuchangiwa. Wake zetu waliuza pete. Mtu mmoja tu wa mtaa huu alipanda lile basi la alfajiri la kuwarudisha mgodini wavunja mgomo, lenye wavu wa chuma madirishani na polisi mbele na nyuma. Mgodi waliufunga hata hivyo. Mpaka leo, miaka thelathini na tisa, mtu huyo hasemeshwi. Hauziwi hata salamu.

Kabla ya mgomo, mwenzake Emlyn kule chini, wa kumvuta mguu, alikuwa Gwilym. Tangu basi lile halijapita neno kati yao, na ukuta wa nyumba zao ni mmoja. Emlyn bado aliuona uso wa Gwilym wa alfajiri ile, umekatwa vipande na ule wavu, mdomo ukifunguka na kufungika.

Geti likalia. Buti mbili zikaingia gerejini, na nyuma yake miguu minne ya mbwa.

Buti zikasimama.

Gogo la pili likalia. Gari likashuka upana wa kidole. Emlyn alihisi ubavu mmoja ukiachia, na macho yakamjaa nyota. Jeki ilikuwa hapo, hatua moja kutoka zile buti. Mtu akitaka, anaweza kugeuka tu na kwenda kunywa chai yake. Nani angemlaumu? Nani mtaani angeuliza hata swali?

"Nel," Gwilym akamwambia mbwa, "unaona huyu? Magogo! Siku hizi stendi zinauzwa hata kwenye duka la mikate."

Magurudumu ya jeki yakakwaruza sakafu. Mpini ukapanda, ukashuka. Ukapanda. Kisha ukatulia.

Emlyn alisubiri. Alijua jeki ile: nusu mzunguko wa mpini tu, na mzigo wote unarudi chini kwa mpigo. Mkono mzee, wenye makovu ya buluu ya vumbi la makaa, ulikuwa umeushika mpini huo. Haukusogea.

Miaka thelathini na tisa, Emlyn alifikiri. Akafumba macho.

"Mwambie atulize miguu, Nel. Anatikisa gari, mpumbavu."

Mpini ukapanda. Ukashuka. Uzito ukamtoka kifuani kidogo kidogo, na hewa ikamwingia kama maji baridi. Kisha mkono ukamshika kifundo cha mguu, ukamvuta kwa mpigo mmoja, vilevile kama zamani. Alipofika kwenye mwanga, magogo yote yalisalimu amri nyuma yake na gari likaangukia jeki kwa kishindo.

Emlyn alilala akikohoa, machozi yakimwingia masikioni.

"Gwilym," alisema. "Gwilym, ngoja. Nijibu basi. Neno moja tu."

Gwilym alikuwa ameshafika kwenye mlango uliopakwa rangi mara thelathini na tisa kufunika neno lililoandikwa pale mwaka wa mgomo. Alisimama, mkono wake juu ya kichwa cha mbwa.

"Hebu mwulize, Nel. Asubuhi tisini nilisimama kwenye mvua nje ya lile basi, nikimwita kwa jina lake ashuke. Aliniitikia hata mara moja?"