Ndoo ya Mchanga

Caroline aliisugua sufuria ya wali kama anayemsugua Filbert usoni. Jivu alilochota kwenye beseni lilikuwa limebaki kiganja kimoja. Akalimalizia lote kwenye ukoko, akakandamiza kwa kumbi la nazi mpaka vidole vikauma.

"Mama Stella, utaitoboa hiyo," Abdulrazak alimwambia. "Twende, mwenyekiti ameshafika."

"Twende. Leo yule mtu halali pale."

Akamfunga vizuri mtoto mgongoni, akaziacha sufuria nyingine na ukoko wake.

Jumanne iliyopita moto uliteketeza meza tatu katika safu yao, jirani na Mchikichini: meza ya chakula ya Caroline na meza mbili za mitumba za Abdulrazak. Robota zima la mashati, hata kamba haijakatwa, liliisha. Caroline aliokoa mtungi wa gesi na sufuria tu. Gesi alikuwa ameifunga, watu walimwona. Mkaa walishaupiga marufuku wenyewe. Ukabaki ukuta. Nyuma ya ukuta palikuwa na ua wa Mama Nayna, na humo alikaa Filbert, mtunza bustani kutoka Newala, ambaye kila Jumanne alichoma majani ya mwarobaini na vifuu vya nazi.

Na leo, Jumanne nyingine, alikuwa amechoma tena.

Walimkuta amesimama kando ya shimo lake. Kulia ndoo ya maji, kushoto ndoo nyekundu ya mchanga. Bi Zamzam, mwenyekiti wa mtaa, aliketi kwenye kiti cha plastiki, akaomba dua fupi, kisha akakunjua karatasi ya masharti ya kuchoma taka.

"Filbert, unachoma nini hapa?"

"Majani, mama. Matawi makavu na vifuu. Nailoni sichomi."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, upepo haujaamka. Sibanduki mpaka uzime. Namwagia maji, nafunika mchanga. Siku tatu jivu siligusi, maana ndani linakaa na moto."

"Umekariri!" Caroline alipaza sauti. "Masharti yote umekariri kama kasuku, na meza zetu zimeungua!"

Watu wakapiga makofi. Filbert akasubiri yaishe.

"Mama Stella, cheche inatua juu. Turubai lenu ndilo lililoshika mwisho. Ule moto ulianzia chini, miguuni mwa meza yako."

"Kwa hiyo nimejichoma mwenyewe?"

"Sijasema hivyo. Ila hata mimi kuna kitu sikielewi. Mchanga wangu nakuta umefukuliwa, hapa karibu na tundu la ukuta. Nadhani ni paka."

"Paka mvuta sigara huyo!" Abdulrazak alidakia. "Kaja kuomba kiberiti!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Caroline hakucheka.

"Mnacheka? Mwanangu alikuwa amelala chini ya ile meza. Nilimtoa kumpeleka chooni. Nikarudi, nikakuta moto pale alipoweka kichwa. Wiki nzima sijapata usingizi, namshukuru Mungu huku natetemeka. Halafu huyu, leo leo, anakoka tena! Kwake mtoto wangu ni takataka kama majani yake!"

Waliocheka wakatazama chini. Hata Filbert aliinamisha kichwa.

Bi Zamzam alikunja karatasi. Alisema hakuna sharti lililovunjwa waziwazi, lakini mtaa umeungua na mtaa umesema. Akamtazama mwenye nyumba.

Mama Nayna alikuwa amesimama kibarazani, ncha ya sari mkononi. "Filbert, miaka kumi na moja umenikalia vizuri," alisema. "Lakini mimi siwezi kugombana na mtaa mzima. Nenda, baba."

Kwenda maana yake ilikuwa kukiacha na kile chumba cha getini alimolala. Hakuwa na kingine. Filbert alitoka na begi moja begani na ile ndoo nyekundu mkononi. Watu walimpisha bila kumwangalia. Caroline peke yake alimwangalia, akamfuata nyuma mpaka kwenye meza yake mpya, kama anayehakikisha nyoka ametoka nyumbani.

Filbert alisimama pale mezani, akaitua ndoo. Akamtazama mtoto aliyelala mgongoni.

"Mama Stella, chukua hii ndoo. Ni mchanga tu. Uiweke hapo chini, hata kama mimi sipo."

"Ondoka na uchafu wako!"

"Sawa, mama."

Akainyanyua ndoo, akashika njia.

Caroline alivuta pumzi ndefu. Akafanya ishara ya msalaba, akamshukuru Mungu aliyemtetea mjane mbele ya watu. Jua lilikuwa linashuka na sufuria mbili zilikuwa bado zinamsubiri. Akafungua kanga, akamshusha mtoto taratibu, akainama chini ya meza kumlaza kwenye mkeka wake.

Ukingo wa mkeka ulikuwa mweusi, na kiuzi chembamba cha moshi kilikuwa kinapanda.

Kando yake lilikuwepo beseni la plastiki lenye jivu la kusugulia, alilolichota asubuhi kama kila Jumanne, akipitisha mkono kwenye tundu la ukuta na kuchimba chini ya mchanga, pale penye jivu kavu. Kitako cha beseni kilikuwa kimeyeyuka.

Caroline alimkumbatia mtoto, akageuka kuitafuta ile ndoo nyekundu. Filbert alikuwa ameshakata kona ya Msimbazi.