Pembe Isiyopungua

Tumpe alirudi chuoni wiki moja baada ya kumzika baba yake, aliyeanguka mlangoni asubuhi na kufa kabla uji wake haujapoa. Siku hiyo Mwalimu Nzowa alikuwa akifundisha kanuni ya Fourier: kujumlisha mawimbi laini mpaka yafanye mstari unaokatika ghafla, kama ukingo wa ukuta. Akampa Tumpe chaki.

Tumpe alijumlisha mawimbi matatu, kisha saba, kisha kumi na tano. Mstari ukanyooka, lakini pale ulipokatika pakabaki kipembe kimechomoza, kama cha mbuzi mchanga. Akaongeza mengine. Kipindi kikaisha, wenzake wakatoka, yeye bado anachora.

"Nimekosea wapi, Mwalimu? Mbona hakiishi?"

"Hujakosea, mwanangu. Mawimbi laini hayajui kukatika ghafla. Ukiyaongeza, kipembe kinakuwa chembamba na kusogea ukingoni. Kimo chake hakipungui."

"Hata nikiongeza elfu?"

"Hata elfu."

Mwalimu alichukua kifutio, kisha akakirudisha mezani. Tumpe alikuwa amekigusa kile kipembe kwa ncha ya kidole, taratibu, kama mtu anayepima kama uji umepoa.