Nyumba Yenye Bibi Ndani

Kwa mara ya tatu muuguzi aliinuka kwenda kufunga dirisha ambalo tayari lilikuwa limefungwa. Kaka zake wawili hawakumwona. Walikuwa wameinamia karatasi aliyowachorea: vyumba vitatu, ukumbi, jiko la nje, stoo nyuma.

Aliwaita mchana ule akisema kuna mwenzake kazini, pale hospitali, anayetaka kununua nyumba na anaogopa kuingizwa mjini. Nani wa kuulizwa kama si wao? Wote wawili waliishi kwa biashara ya nyumba, na kwa miaka kumi na mitano hawakuwahi kukubaliana hata juu ya rangi ya geti.

Kaka mkubwa hununua, hauzi. Alisema kila chumba kitobolewe mlango wake, kipangishwe kwa watu wenye ajira, kisha mwenye mali akae atulie. "Nyumba ni ng'ombe wa maziwa," alisema. "Ng'ombe wa maziwa hachinjwi."

Mdogo alicheka. Yeye hununua, hupaka rangi, huweka vigae, huuza kabla ya miezi mitatu. Wapangaji kwake ni maradhi: leo bomba, kesho choo, keshokutwa visingizio. "Nyumba ni samaki," alisema. "Ukimlaza, ananuka."

Wakabishana. Muuguzi akaleta chupa ya chai, akasahau vikombe, akavirudia, akasahau sukari.

"Ila kuna jambo," alisema mwishowe, bado amesimama. "Mwenye nyumba ni bibi mtu mzima. Yuko tayari kuandikisha kila kitu, lakini anataka abaki na chumba chake mpaka Mungu atakapomchukua."

Ndugu hao wakatazamana.

Mkubwa akauliza bibi ana umri gani. Sabini na nne. Anaumwa? Magoti tu. Akaguna: mtu wa magoti tu anaweza kufika mia. Akashauri bibi akubaliwe kwa mdomo, na karatasi zikishatiwa saini ahamishiwe stoo, maana chumba cha mbele ndicho chenye kodi nzuri. Muuguzi akamkumbusha kwamba stoo haina dirisha. Atachoka mwenyewe, kaka alijibu kwa upole, kama daktari anayeeleza namna ya kumeza dawa.

Mdogo aliona huko ni kupoteza wakati. Nyumba yenye bibi ndani haiuziki.

"Kwani hana watoto huyo?"

"Anao," alisema muuguzi. "Watatu."

"Basi wamchukue. Una watoto watatu, unang'ang'ania chumba cha nini?"

Muuguzi alikwenda tena dirishani. Aliongea akiwa amewapa mgongo.

"Nyumba hiyo ingekuwa mikononi mwenu, mngefanya hivyo kweli?"

Mkubwa alisema angefanya hivyohivyo, kwani biashara haina machozi. Mdogo, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumuunga mkono kaka yake, alitikisa kichwa kukubali. Akaongeza tu kwamba yeye asingengoja bibi achoke.

Chai ilipokwisha waliaga. Mkubwa alimpiga dada yake begani, akamwambia amsalimie mwenzake huyo na amwambie asiwe na huruma za kijinga. Waliteremka ngazi wakibishana juu ya vigae, sauti zao zikasikika mpaka barabarani.

Muuguzi alisubiri magari yaondoke, kwanza la mmoja, kisha la mwingine. Alikusanya vikombe, akaviacha mezani, akakusanya tena. Halafu akaenda kufungua mlango wa chumba cha kulala, uliokuwa hatua mbili tu kutoka walipokuwa wameketi.

Mama yao alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa nguo za kutokea, mkoba mapajani.

"Hatuendi tena kwa wakili kuwaandikia nyumba," alisema. "Nitafutie dalali."