Kobe Yupo

Baada ya kuiteka ngome katika mchezo wa kompyuta, wachezaji walikaa mtandaoni wakibishana ukweli ni kitu gani.

"Ni neno linalolingana na mambo yalivyo," alisema mmoja.

"Wapi bwana! Ni kile tunachokubaliana sote," mwingine akadakia. "Sote tunakubali Kobe yupo hapa, basi yupo. Au vipi, Kobe? Mbona siku hizi umekuwa bubu?"

Mjane alivibana masikioni vipokea sauti vya mumewe. Sponji zake bado zilinukia mafuta yake ya nywele. Tangu afiwe, alikuwa akicheza kimyakimya kwa jina lake la mchezoni ili lisizimike.

Angeweza kuandika "nipo", wakaridhika.

Akawasha kipaza sauti.

"Shemeji zangu," alisema, "mimi ni mke wake. Kobe tulishamzika."