Mswada Namba Kumi na Saba

Kalamu Nyekundu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, kisha akaivua tena. Majaji wenzake wawili walitazamana. Katika miaka tisa ya tuzo ya vitabu vya watoto, hawakuwahi kumwona mhariri huyu mstaafu akidondosha chozi. Walichozoea ni miswada kutoka mikononi mwake imetapakaa wino mwekundu kama iliyochinjwa.

"Namba kumi na saba," alisema. "Mimi sina nyingine."

Kilikuwa kisa cha msichana anayemwandikia barua marehemu baba yake, kisha anazitia kwenye mfuko wa koti kuukuu la baba huyo, lililotundikwa nyuma ya mlango. Baba alifariki kabla bintiye hajaota jino.

"Lakini mzee wetu," jaji mwanamke alimtania, "wewe huna mke wala mtoto. Uchungu huu umeutoa wapi?"

"Nimesoma tu, mama."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakamwachia, maana akishikilia neno humbandui. Waandishi walikuwa wamefichwa nyuma ya namba, kwa hiyo hata yeye hakujua anampigania nani.

Siku ya tuzo aliitwa jukwaani kukabidhi. Jina la mshindi, la kubuni la uandishi, halikumwambia kitu. Akapanda binti wa miaka ishirini na kitu, viatu vipya vikimbana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hongera sana. Yale ya kitabuni yalitokea kweli?"

"Kweli kabisa. Hata sura yake siijui. Mama alichoma picha zote, alisema zinamuumiza."

 Kalamu Nyekundu aliushika mkono wa binti yule kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, mwanangu. Angekuwepo leo, kifua kingempasuka kwa furaha."

"Asante, baba. Mama naye husema hivyo hivyo." Binti akacheka huku machozi yakimtoka. "Yule pale, safu ya mbele, mwenye kitambaa cha kijani. Mpungie mkono, atafurahi."

Mzee akageuka na mkono wake juu.

Safu ya mbele alikaa mke ambaye yeye mzee alimtoroka miaka ishirini na mitatu iliyopita, akamwacha mlangoni na kichanga mgongoni. Mwanamke alimtazama bila kupepesa, akatikisa kichwa taratibu: wafu hawasemi.